Mwaka Nilipikia Bourgmestre Vilio ya Batu

Honorable alikufa. Habari ilipita ku radio asubuhi, mi niko nachambua mboga ya lenga-lenga mbele ya mulango, na vijana ya avenue bakaanza kuniangalia kama mi njo nimefiwa. Mumoja akaniuliza: «Mama Kavira, si weye njo ulikuwa unamupikia? Utaenda kulia?» Nikamujibu: «Nitalia na macho ya nani?» Bakacheka. Mimi sikucheka, nikarudia ku lenga-lenga yangu. Banasema kilio yake ni kubwa, mahema imefika mpaka ku barabara, bakubwa bamekuya na bajeep, na radio inasema alikuwa baba wa bafiwa. Baba wa bafiwa! Niliposikia ile neno, niliacha lenga-lenga nikatafuta kalamu. Njo maana ninaandika. Nilisoma mpaka ya tatu primaire, kalamu yangu inatembea kama mutu mwenye kuumia muguu, mais kichwa ingali inakumbuka, na pua pia. Sitaelezea nilizaliwa wapi na nani, hiyo haisaidie mutu. Nitaelezea mwaka moja tu, mwaka ya kura, wakati yule bwana aliacha kuwa bourgmestre, mukubwa wa commune yake hapa Butembo, akakuwa député provincial, mutu wa kukaa Goma na kutunga sheria. Mi nilikuwa mu jikoni yake.

Nyumba yake ilikuwa na jikoni mbili. Ya ndani ilikuwa na fourneau ya gaz yenye hakuna mutu alikuwa anagusa, juu Mama Aline, bibi yake, alikuwa anaiogopa. Alikuwa anaipanguza tu na kuionyesha bageni. Ya inje njo ilikuwa yangu: mafiga, makala, moshi, na dirisha moja ya kuangalia mugongo ya salon. Ile dirisha kioo yake ilikuwa imevunjika, na hakuna siku ilitengenezwa. Donc maneno ya salon ilikuwa inakuya kwangu bila kuitafuta, pamoja na harufu ya parfum yake. Mu salon kulikuwa viti bikubwa bya kufunikwa na nylon, ile nylon ya duka yenye hawakutoa, na mutu akikaa pale anatoka jasho, akisimama nylon inalia prrr nyuma yake. Mi nilikuwa nacheka mu roho kila pastor alipoinuka. Ku ukuta, picha yake kubwa, amevaa écharpe, ule mukanda ya kitambaa ya ubourgmestre, amekaza midomo kama mutu mwenye kuumwa na jino.

Wakati angali bourgmestre, alikuwa anategemea salongo. Kila Jumamosi batu banatoka na majembe, bengine banasukuma mawe na machukudu, zile baiskeli ya mbao, tunaziba mashimo ya barabara, juu hapa kwetu barabara tunajitengenezea, usipoitengeneza weye hakuna mwingine. Yeye alikuwa anafika batu bameisha kuchoka. Botte yake ingali inangaa. Anachukua jembe, kijana yake wa kazi, Muhindo, anamupiga picha na telefone, anarudisha jembe kwa mwenyewe. Kisha anarudi nyumbani, namuwekea chai na mikate, anajinyoosha ku nylon: «Ah, Mama Kavira, leo tumetumika.» Tumetumika! Mi mugongo ilikuwa inaniuma ya kweli, juu nilitoka ku salongo ile ile mbele ya kuya kumupikia.

Siku alipata akili yake ilikuwa ya kilio ya mwalimu moja mwenye jamaa kubwa. Alirudia, akakaa, nylon ikalia, akasema: «Muhindo, uliona? Ku salongo batu wananikwepa. Ku kilio bananipatia kiti.» Muhindo akajibu: «Na bananyamaza ukizungumuza, Papa.» Mi nilikuwa nasonga bugali, nikasikia ile maneno, na sikujua ya kwamba pale pale kazi yangu imeisha kubadilika.

Tangu pale, neno yake ya kwanza asubuhi, mbele ya chai, mbele ya kusalimia bibi yake, ilikuwa: «Nani amekufa?» Vile mukulima anauliza kama mvua itanyesha. Muhindo alikuwa na batu yake ku mahospitali, kwa bakoro ya kanisa, na zaidi kwa maseremala, juu mutu wa kutengeneza masanduku ya bafu anajua mbele ya pastor. Habari ikifika, mi naitwa: «Mama Kavira, sufuria!» Ile sufuria kubwa ya kushikwa na batu babili. Nayipika, inapandishwa ku jeep, na yeye anafika ku kilio mbele ya majirani kumaliza kutandika mikeka. Kama mufu alikuwa na jamaa mingi, nilikuwa naambiwa niweke nyama. Kama alikuwa na jamaa kidogo, maharagi peke yake. Kama alikuwa mugeni bila jamaa, Muhindo alikuwa anasema «huyo aende na Mungu», na sufuria haikutoka.

Kulikuwa pia wiki zenye hakuna mutu alikufa. Ooo, pale njo ungemuona! Anatembea mu salon, anazima televizio, anaiwasha. Siku moja akapiga meza: «Batu ya hii muji banakula dawa gani?» Mama Aline akacheka mpaka chai ikamutokea mu pua. Na Muhindo, ule kijana wa kuimba koro ku kanisa, akasema: «Papa, tuvumilie. Mutu muzima anapiga kura moja. Akikufa, avenue muzima inapiga.» Bakacheka tena. Mi nilikuwa na kisu mu mukono, nakata vitunguu, na macho yangu ilikuwa inatoka maji ya vitunguu. Nikasema mu roho, hawa batu bana mama?

Mbele ya kuenda ku kilio alikuwa anataka nimukaangie samaki ya ziwa, ya Vitshumbi, akule ashibe, juu hakutaka kula ku sahani ya bale batu. Mama Aline anamunyooshea leso na fer ya moto. Yeye anasimama mbele ya kioo ya corridor, anajaribu sauti: «Ndugu zangu, maumivu yenu ni maumivu yangu.» Anarudilia, mara pole pole, mara na kukata pumuzi. «Ile ya kukata pumuzi ni muzuri,» Mama Aline anamuambia. Akirudia, Muhindo anamumwangia alcool ku mikono mpaka ku kiwiko, mikono ile ile yenye ilitoka kushika bajane, na anajipanguza sana kama mutu mwenye aligusa mavi. Mi nilikuwa nawaza: ugonjwa ya huzuni, alcool inaiua?

Mutaniuliza juu ya nini nilibaki. Nilibaki juu ya camion.

Niko na ndugu yangu mudogo, nasema niko, nilikuwa naye, Kasereka. Alikuwa anaishi Beni, upande ya Mulekera, na shamba yake ya cacao ilikuwa mbali kidogo, upande ya pori. Munajua vile ile mwaka ilikuwa kule. Mutu anaenda shambani na panga yake ya kulima, anakutana na benye panga ya kuua batu. Kasereka alikuwa ananipigia simu: «Dada, hapa tunalala na viatu.» Namuambia: «Kuya basi! Leta bibi yako Masika na batoto, tutajibana hapa Vulamba.» Anajibu: «Nikuye na nini? Niache mifuko ya cacao, na mbuzi, na vyombo ya Masika, nikuye kukaa ku mugongo yako na mikono mitupu? Tafuta camion, dada. Siku camion inafika, siku ile ile nakuya.» Sisi Banande tuko vile. Mutu anaweza kukimbia kifo, mais kukimbilia kwa dada yake bila hata debe ya maharagi ku kichwa, hapana, haya inamushika miguu. Nilimutukana, nikalia, akakataa. Camion, dada.

Na Bourgmestre alikuwa na camion. Ya kampanye ya kura, ya buluu, na shofa yake Abdallah, Muislamu mumoja wa hapa, mutu mutulivu, baba yake pia alikuwa mutu wa mabarabara. Nilichagua siku yenye Bourgmestre alikula muzuri. Nikasimama na sahani mu mukono, nikamuomba: camion iende Beni mara moja tu, imuletee ndugu yangu. Akanisikiliza, akaweka mukono ku kifua: «Mama Kavira! Camion ni yako. Upatie ndugu yako namba ya Muhindo, bapange bote wawili.» Nilirudi jikoni na furaha. Nikamupigia Kasereka, akaanza kufunga mifuko siku ile ile.

Wiki ikapita: camion imeenda upande ya Goma, kupeleka mabati ya kanisa. Wiki ingine: imebeba baffles ya muziki. Wiki ingine: imebeba batu ya kuimba. Miezi ikapita vile. Namukumbusha, ananijibu bila kuinua macho ku samaki: «Mama, si nilishakuambia ni yako?» Naenda kwa Abdallah, namukuta anaosha tairi, ananiambia: «Mama yangu, mi niko tayari. Beni si ni hapa? Nikitoka asubuhi, saa sita naweza kuwa nimerudi na batoto. Mais funguo inalala kwa Muhindo.» Kasereka alikuwa anapiga simu: «Dada, mifuko ingali imefungwa.» Mwisho alikuwa hasemi hata salamu, anauliza tu: «Imetoka?»

Pale kampanye ilifunguliwa, bwana akavua écharpe, nyumba ikajaa vijana na makofia na ma-tee-shirt ya sura yake. Nilikuwa napika toka asubuhi. Vijana balikuwa banapanguza mikono ya mafuta ku sura yake pale ku kifua, na hakuna mwenye aliona, ila mimi.

Asubuhi yenye nataka kuelezea, alikuya mwenyewe ku jikoni. Mwaka muzima alikuwa hajafika pale, moshi inachafua shati. Alisimama ku mulango, leso ku pua: «Mama Kavira, leo upike na roho yote. Maharagi, na uweke nyama. Nyama mingi.» Nikauliza: «Ni mukubwa gani amekufa, Papa?» Alikuwa anaangalia sufuria, hapana mimi. «Mutu mumoja wa Beni. Upike kama unapikia batu yako.»

Beni! Roho ilinishituka. Mais ile mwaka batu ya Beni balikuwa banakufa kila siku, na roho yangu ilikuwa inashituka kila siku, ikachoka. Simu yangu ilikuwa kwa kijana wa kuchajisha tangu jana, courant ilikosa. Nikamuita Muhindo: «Mutoto wangu, unipigie Kasereka kidogo.» Akashika telefone, akaiangalia, akairudisha mu mufuko: «Réseau hakuna, Mama. Pika tu.» Alisema na sauti muzuri sana. Hata jina ya mama alinipatia.

Nikapika. Ku dirisha ya kuvunjika nikasikia Mama Aline anauliza: «Na mutamuambia wakati gani?» Bwana akamujibu: «Akimaliza.» Nikafikiri ni juu ya kijana wa kuosha jeep, juu balikuwa na mupango ya kumufukuza. Nikamuhurumia. Nikaonja chumvi, nikaona inapunguka, nikaongeza. Nikaweka vitunguu vya kukaanga juu, vile Mama alitufundisha, vile sikuwekaka ku sufuria ya Bourgmestre, sijui juu ya nini siku ile mukono yangu iliviweka.

Kisha Muhindo akaniambia: «Panda jeep, Mama, utasaidia kugawa.» Hawakuwa wananipandisha. Nilikaa nyuma, nashika mufuniko, moto ya sufuria inaniunguza magoti. Jeep ikashuka, ikapita soko, ikashika barabara ya Vulamba. Nikasema: «Tiens, kilio iko kwetu?» Ikaingia ku avenue yangu. Niliona bamama ya avenue bamejifunga vitenge ku kichwa, bamekaa chini mbele ya nyumba yangu, na banapoona jeep bakashika midomo. Na kando ya nyumba, karibu inagusa bati, camion ya buluu. Sura yake yeye Bourgmestre ilikuwa imetundikwa mbele, ku kitambaa, anacheka.

Camion ilipatikana, donc.

Abdallah njo alikuya kunishika mukono nishuke. Alikuwa analia, ule mwanaume mukubwa. «Mama yangu, nilijua tangu jana magaribi. Bibi ya ndugu yako alimupigia Muhindo, namba yako haikuitika. Balinipa funguo pale pale. Balinikataza kukuambia, banasema radio itafika saa sita, tufike pamoja.» Kasereka alikuwa mu nyumba yangu, ku mukeka yangu, chini ya shuka. Bale benye panga balimukutia ku shamba. Mifuko ya cacao ilikuwa ingali ku camion, imefungwa na kamba, kamba za kufunga yeye mwenyewe. Masika alinirukia shingo, «Wifi! Wifi! Ulichelewa!», na ilikuwa kweli.

Na pale, mbele ya kumaliza hata kumuangalia ndugu yangu, mikono ikanikamata, parfum ikaniingia mu pua. Bwana alikuwa amenikumbatia. «Dada yangu,» akasema kwa nguvu, na mutu wa radio amesukuma micro, «maumivu yako ni maumivu yangu.» Na akakata pumuzi.

Sasa musikie vile sisi tuko. Mutu akifiwa, moto yake inazimwa. Hagusi sufuria, hagusi mwiko, majirani njo banapika mpaka siku ya kutoa majivu, kilio ikiisha. Mutu wa kupika chakula ya kilio yake mwenyewe ni kama anafanya karamu juu ya mufu wake. Hata mulevi wa mwisho anajua hiyo. Mukaka wa nyumba ya pili, ule muzee mwanamuke mwenye alikuwa anaongoza bamama ya avenue, alifunua sufuria, akanusa, akaona vile vitunguu. Akanigeukia. «Kavira. Nani alipika hii?»

«Mimi, Mukaka.»

«Ulijua?»

«Hapana.»

Bamama bakaangaliana. Mukaka akaita babili bashike masikio ya sufuria: «Mwagisha ku shimo. Hii hapana chakula.» Bourgmestre akaanza kucheka kile kicheko ya bureau: «Mukaka, tuache mambo ya zamani, ni upendo tu tumeleta.» Mukaka akaonyesha shimo na kidole. Sufuria ikainuliwa. Na mi nikaona batoto ya Kasereka, bamejipanga ku ukuta, macho yao inafuata ile sufuria inaenda. Mudogo wa mwisho alikuwa anameza mate. Masika akaniambia chini chini: «Tangu jana asubuhi hawajatia kitu mu kinywa.»

Nikasema: «Muweke chini.»

«Kavira!»

«Mukaka, nimeisha kuipika. Zambi imeisha kuingia. Bale batoto bakule.»

Nikachukua mwiko na nikabapakulia mi mwenyewe. Walikula na mikono mibili. Mukubwa wao, Furaha, akaniambia: «Shangazi, ni tamu,» na mi nikageuza uso. Pale njo bwana alikuya, akaniomba mwiko na adabu yote, akaushika juu ya sahani ya mudogo, Muhindo akapiga picha, akanirudishia. Siku ya kufuata picha ilikuwa mu telefone ya muji muzima. Kisha ikatoka ku karatasi, ikabandikwa ku milango ya maduka: yeye, mwiko, mutoto ya Kasereka na mafuta ku mashavu. Mi sikurudi kwake tena, hata kutwaa kitenge yangu yenye ilibakia ku musumari ya jikoni. Mama Aline alituma mutu kuuliza kama nimekasirika. Kukasirika? Nilikuwa natapika. Wiki mbili maharagi haikupita mu koo yangu.

Alichaguliwa. Akaenda Goma, akakuwa Honorable. Siku matokeo ilitoka, avenue yangu mwenyewe ilipiga vigelegele, vijana bakapita na matawi, pale pale mbele ya nyumba yenye tulitoa maiti. Nilishindwa kukaa. Nikaenda kwa Mukaka, nikamukuta anachambua maharagi ku lungo, nikamuuliza bila kuzunguka: «Weye mwenye ulitaka kumwaga sufuria yake, ulimupigia nani kura?»

Hakuficha. «Yeye.»

«Yeye?»

«Usinikasirikie, Kavira. Bangapi bamekufa kule na mifupa yao iko mu majani? Mutoto ya dada yangu, mpaka leo hatujui alianguka wapi. Kasereka yako alifika ku mulango. Tulimuosha, tulimuzika, kaburi yake unaenda kuipalilia. Nani mwingine alituletea mutu wetu?»

Nikasema: «Mi camion niliiomba akiwa muzima, Mukaka. Mwaka muzima niliiomba. Akiwa muzima.»

Alitoa kijiwe mu maharagi, akakitupa inje, akaendelea kutafuta kingine.

«Muzima,» akasema. «Eh, mutoto wangu. Tangu lini banatuletea batu bazima?»